Kutafuta kanisa Moshi na Arusha: mambo watu wanayodanganyana

Disemba ikikaribia watu wanaanza kupanda nyumbani Uchagani, wanakuja na wakwe, wanakuja na marafiki, na swali ni lilelile, Jumapili tutasali wapi? Majibu wanayopewa mengi siyo, na inaniuma maana mtu anakaa wiki mbili hajaingia kanisani wakati makanisa yamejaa kila kona.

Eti Kilimanjaro yote ni KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Hapana jamani. Machame na Old Moshi kweli Walutheri ndo wengi, ila sogea Kibosho, Kilema au Rombo utakuta Wakatoliki wamejaa. Hii inatokana na mmisionari gani alipokelewa na mangi (chifu wa Kichaga) gani. Mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walianzia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafungua Kibosho 1893, na mwaka huohuo Walutheri wa Kijerumani wa Misheni ya Leipzig wakaingia Machame, watoto na wajukuu wakafuata hapohapo. Kwa hiyo kabla hujauliza kanisa, uliza kwanza uko upande gani wa mlima.

Nyingine wanasema Walutheri ndo walifika wa kwanza. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Kiingereza, walikuwa Moshi kwa Mangi Rindi tangu 1885! Hao wa CMS waliondoka 1892 baada ya vita vya Wamoshi na Wajerumani, wakahamia Taveta upande wa Kenya, ndo maana Mwanglikana akipanda vijijini anahangaika, bora ashuke mjini. Moshi kuna St. Margaret's na Arusha kuna Christ Church Cathedral. Wasabato nao ni wa zamani, Upareni wapo tangu 1903.

Sasa hili la simu ndo linapoteza watu kabisa. Mtu anafungua Google Maps, anaona alama ya kanisa, anavaa anaenda, akifika misa hakuna. Ramani inakuonyesha jengo tu. Kwa Wakatoliki kuna parokia na chini yake vigango, yaani makanisa madogo, na padre hazungukii vigango vyote kila Jumapili, siku asipofika katekista anaongoza ibada bila misa, ni ibada halali kabisa ila kama ulitaka misa nenda parokiani. KKKT ni usharika na mitaa yake. Ndo maana ukimwambia bodaboda wa Moshi "nipeleke Lutheran" atakuuliza ipi, mwambie jina la usharika. Jumamosi mpigie mwenyeji au pita uulize ibada ya kwanza inaanza saa ngapi, na wiki ya Krismasi wahi sana maana watu wanakaa mpaka nje.

Halafu kuna woga wa kwamba ukiingia kanisa la wengine watakuona umehama. Nani kakwambia? Mgeni anaombwa asimame ajitambulishe, anapigiwa makofi, basi. Komunyo ya Wakatoliki ni ya Wakatoliki, wewe baki umekaa hakuna atakayekushangaa. Na usikimbie ibada ikiisha, vijijini ndo kuna mnada wa sadaka, ndizi, mayai, kuku, na mgeni anaruhusiwa kupandisha bei kama yeyote, mimi naona hapo ndo utawajua watu kuliko ukikaa hotelini siku nzima.

Na wale wanaosema Arusha haina historia ya kanisa, ni mji wa watalii tu, nawaomba wafike Akeri, Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale, walikuwa ndo kwanza wamefika. Misheni ilirudi Meru 1902 ikaanza Nkoaranga, 1904 ikafungua Ilboru. Akeri na Nkoaranga zote ziko upande wa Mlima Meru ukitoka barabara kuu ya Moshi–Arusha, maeneo ya Usa River na Tengeru, kwa hiyo hata aliyeko Moshi anaenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukifika pita kwanza ofisi ya usharika uwasalimie, omba mzee mmoja akutembeze.