Usonji si laana, wala si kosa la mama

Hapa Kisumu, kuanzia Manyatta hadi Nyalenda, bado utasikia kwamba mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu) amelaaniwa, au mama yake hakumlea vizuri. Lawama kwa mama haikuzaliwa kwetu pekee. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Marekani, alipoeleza usonji mwaka 1943 alitaja pia ubaridi wa wazazi, na akina mama wakabebeshwa mzigo huo kwa miaka mingi. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza mapacha, wakaonyesha kwamba urithi wa jeni una nafasi kubwa. Tena usonji hauambukizi.

Nalisisitiza hili kwa sababu uvumi ndio unaowarudisha nyuma wazee wenye moyo wa kukaa na mtoto wa jirani kwa muda wa saa mbili hivi, mama yake apate kulala au kufika sokoni. Shahada haihitajiki. Nyanya anayejitolea aanze kwa kuzoeana na mtoto mama akiwepo. Ataona kwamba mashine ya posho ikinguruma mtoto huziba masikio, na kwamba akipanga vifuniko vya soda kwa mstari asivurugiwe, ndivyo anavyotulia. Aambiwe mapema kama mtoto ana kifafa au ana mazoea ya kutorokea barabarani. Mtoto asiyesema huenda anaelewa mengi, kwa hiyo aongeleshwe kwa heshima, kwa maneno machache, kisha asubiriwe. Naye mama arudi saa aliyoahidi, maana ratiba ikibadilika ghafla watoto wengi wenye usonji huhangaika sana.