Umeshtakiwa kwa deni na samansi haijakufikia: ujibu au usubiri?

Marekani kuna mawakili ambao kazi yao ni kupekua majalada ya mahakama kila siku. Wakiona jina lako kwenye kesi mpya ya deni la kadi ya benki, wanakutumia barua ya kujitangaza, na barua hiyo mara nyingi hutangulia samansi, yaani hati ya mahakama inayokuita ujibu kesi. Wateja wangu wengi hujua hivyo kwamba wameshtakiwa. Wanapiga simu wakiwa na swali moja: nijibu sasa, au ninyamaze mpaka samansi inifikie?

Kisheria, siku zako za kujibu bado hazijaanza kuhesabiwa. Katika mahakama za shirikisho unapewa siku 21 tangu ukabidhiwe samansi na hati ya madai kwa njia inayokubalika. Kesi nyingi za madeni, hata hivyo, ziko mahakama za majimbo, na kila jimbo lina hesabu yake: California siku 30, mahakama ndogo za Texas siku 14. Kujua tu kwamba kesi ipo hakuanzishi hesabu hiyo.

Tatizo ni kwamba huenda ikaanza bila wewe kujua. Msambaza nyaraka, yaani mtu anayepeleka samansi kwa washtakiwa, huapa kwamba amekufikishia, na mahakama humwamini mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa New York, wakati huo Andrew Cuomo, aliomba mahakama ifute takriban hukumu 100,000 za madeni kwa sababu ya viapo vya namna hiyo ambavyo alidai ni vya uongo. Hukumu ya upande mmoja, inayotolewa kwa sababu hukujibu, ikishatoka, mdai anaweza kufuata akaunti yako ya benki, na katika majimbo mengi mshahara wako pia.

Ndiyo maana kwa kawaida nashauri mtu ajibu mapema, hasa aliyehama karibuni au ambaye anwani yake kwenye jalada ni ya zamani. Kukwepa msambaza nyaraka hakusaidii. Mdai ataomba ruhusa ya kutumia njia mbadala, hata tangazo la gazeti, na kesi itaendelea bila wewe.

Unapoteza nini ukijibu mapema? Siku za kujiandaa, na kwa kawaida pingamizi kwamba hukufikishiwa samansi ipasavyo, usipolitaja kwenye jibu lako la kwanza. Watu hulipatia pingamizi hilo uzito lisilostahili. Ukishinda, mara nyingi mdai anatuma samansi upya tu. Linakuwa na nguvu pale ukomo wa muda, yaani kipindi ambacho mdai anaruhusiwa kushtaki, unapokaribia au umeshapita. New York, kwa mfano, tangu Aprili 2022 madeni mengi ya walaji hushtakiwa ndani ya miaka 3, na mdai ana siku 120 tangu afungue kesi kukufikishia samansi. Akichelewa na kesi ikafutwa, huenda asiweze kuifungua tena. Hapo ndipo namwambia mteja: kabla hujawasilisha karatasi yoyote, tukae tuhesabu tarehe.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitume malipo kidogo “kuonyesha nia njema”. Katika majimbo mengi malipo hayo huanzisha upya hesabu ya ukomo.

Kuhusu jibu lenyewe: kumpigia simu wakili wa mdai, hata mkielewana vizuri, si kujibu. Jibu ni hati inayopokelewa na karani wa mahakama, na nakala yake humwendea mdai. Kila aya ya madai unaikubali, unaikana, au unasema huna taarifa za kutosha, kisha unataja utetezi wako, ukiwemo ukomo wa muda. Kama aliyekushtaki ni kampuni iliyonunua deni, kanusha kuwa inalimiliki mpaka ionyeshe mlolongo wa mauzo kutoka benki ya kwanza. Mara nyingi hapo ndipo kesi zao hulegea, maana walichonacho ni orodha ya majina na kiasi tu. Baadhi ya mahakama hutoza ada ya kujibu. Usipoimudu, omba fomu ya msamaha wa ada kwa karani, na uondoke na nakala yenye muhuri wa tarehe.