Selimundu: kila mimba huanza hesabu upya

Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19, inapokaribia, wanaotaka kupimwa huongezeka katika maabara yetu hapa Nairobi, na malalamiko nayo huongezeka. Wengi hawalalamikii huduma, wanalalamikia majibu. Ndiyo maana tunaeleza mapema, na wanafunzi wa biolojia wafuatilie pia.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na kosa linaloleta ugonjwa huo ni dogo. Katika jeni ya beta globini (sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu), jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika; kijenzi kimoja cha protini, asidi ya glutamiki, kinaachia nafasi yake kingine, valini, na himoglobini ya kawaida, A, inakuwa S. Aliyerithi A mbili ni AA. Aliyerithi A kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine ni AS, yaani mbebaji. Aliyerithi S mbili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. AS si kundi la damu. Kadi inayosema wewe ni kundi A haituambii lolote kuhusu selimundu, tafadhali msituletee.

Wabebaji wawili wakizaa, uwezekano wa kupata mtoto SS ni asilimia 25 kwa kila mimba. Kila mimba. Mzazi aliyekwisha kupata mmoja mgonjwa hutuambia, "Basi watatu wanaofuata wako salama." Hawako. Shilingi ikirushwa haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita.

Kwa nini basi jeni hii imejaa kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipokuwa na malaria kali, watoto wengi wa AA walikufa kwa malaria, wa SS kwa selimundu, na wa AS wakabaki, wakakua, wakazaa. Huo ndio uteuzi wa asili. Mwanafunzi akiandika kwamba mwili uliona malaria ukaamua kujitengenezea S, amekosa. Badiliko lilitokea kwa bahati tu, malaria ikaja kuchuja. Tena mtu mmoja hageuki. Kinachogeuka ni jamii, kizazi baada ya kizazi. Kuhamia Nairobi hakufuti jeni uliyozaliwa nayo, na mwenye AS akienda Kisumu alale ndani ya neti kama mtu mwingine yeyote.

Sasa utaratibu. Kile kipimo cha haraka cha kuyeyusha damu (solubility) huonyesha kama S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kukosea kwa sababu bado ana himoglobini F, ile ya utotoni, nyingi. Kwa hiyo tunafanya elektroforesisi, yaani kutenganisha aina za himoglobini kwa umeme. Damu huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na fomu, visipolingana tunakataa sampuli hata kama umetoka Kitengela alfajiri. Aliyeongezewa damu asubiri takribani miezi minne, kwani chembe nyekundu huishi siku 120 hivi na tungepima damu ya mtu mwingine.

Majibu huchukuliwa na mwenyewe, au mzazi kwa mtoto. Mke hachukui ya mumewe, wala mchungaji hachukui ya wachumba anaotaka kuwafungisha ndoa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya na za jeni ni data nyeti. Adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mhudumu wetu akikukatalia, usimgombeze.

Na hiki si kipimo cha ubaba. Mtoto akisomeka SS na baba AA, huenda sampuli zilichanganyika, au baba ana beta thalasemia, hitilafu nyingine ya kurithi ya himoglobini, ambayo kipimo cha kawaida chaweza kuipita. Msivunje ndoa kwenye benchi la maabara. Rudini wote watatu siku moja, na vitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, tupime upya.