Kanisa la magogo la Greensted: umri wake ulijulikanaje?

Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Andrea, kijijini Greensted katika jimbo la Essex, Uingereza, hutajwa kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote yanayosimama duniani. Ni dogo, na mtu aliyezoea makanisa ya mawe anaweza kulipita bila kugeuka.

Kuta za ukumbi wa waumini ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa kati na kusimamishwa wima, yamebanana. Upande wa mviringo umeelekea nje, upande bapa ndani. Ubavuni mwa kila gogo mna mfuo, na kati ya mifuo miwili umepachikwa ulimi wa mbao wa kuzuia upepo na mvua. Seremala yeyote wa leo ataitambua kazi hiyo.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba magogo hayo ni ya mwaka 845. Miaka ya 1990 pete za miti (miduara ya ndani ya gogo, ambayo mti huongeza mmoja kila mwaka) zilipimwa upya, ikaonekana kuwa miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Mwaka kamili haupatikani kwa sababu tabaka laini la chini ya gome limekwisha potea, na pete zake sharti zikadiriwe. Basi vipi kuhusu mapokeo kwamba mwili wa Mtakatifu Edmund, mfalme wa Kiingereza wa karne ya 9, ulilazwa hapa mwaka 1013? Huenda ulilazwa katika jengo lililotangulia: chini ya sakafu ya madhabahu wachimbaji walikuta alama za majengo mawili ya mbao ya zamani zaidi.

Sehemu ya madhabahu ilijengwa upya kwa matofali ya kuchoma karibu na mwaka 1500, Uingereza ikiwa bado chini ya Papa. Kwa hiyo jengo hili limelitangulia Kanisa la Anglikana lenyewe, lililojitenga na Roma mwaka 1534. Kengele ya mnarani ina tarehe ya 1618.

Mafundi wa karne ya 19 hulaumiwa kwa kuharibu makanisa ya kale, mara nyingi kwa haki. Hapa, naona, waliokoa. Ncha za chini za magogo zilikuwa zimeoza kwa unyevu wa ardhi. Mwaka 1848 wakazikata, wakayakalisha magogo juu ya boriti ya mwaloni iliyolazwa kwenye msingi wa matofali. Ndiyo maana magogo tunayoyaona leo ni mafupi kuliko yalivyosimamishwa mwanzo.