Kumtambua nondo wa kiwavijeshi vamizi

Nondo wengi huletwa mezani kwangu wakiwa na jina tayari, Spodoptera frugiperda, yaani kiwavijeshi vamizi, kwa sababu tu walinaswa kwenye mtego wa feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) wa spishi hiyo. Jina hilo huliweka kando kwanza. Mtego huohuo humvuta pia Mythimna loreyi, nondo mwingine wa familia ya Noctuidae, na ukiwahesabu wote pamoja utamtisha mkulima bure.

Dume ambaye mabawa yake hayajachakaa hasumbui. Bawa la mbele lina kijivu na kahawia, doa jeupe karibu na ncha, na alama ya rangi ya mchanga iliyolala mshazari katikati. Jike amefifia, hana doa hilo. Magamba yakishapukutika, hata dume simwamini kwa macho. Huloweka tumbo lake kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka nyama ilainike, kisha natazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Vibanio vya dume wa frugiperda, vile anavyomshikia jike, ni vipana, karibu mraba.

Kwa viwavi, wengi hushikilia ile Y iliyopinduliwa usoni. Peke yake haitoshi, maana viwavi wengine nao wana alama inayofanana nayo. Mgeuze kiwavi aliyekomaa, mtazame mgongoni, pingili ya 8 ya tumbo: madoa 4 meusi yamepangwa mraba. Kwenye pingili zilizotangulia, madoa hayo yamekaa kama trapeza. Kwa kiwavi mchanga usiyatafute. Bado hayaonekani vizuri.

Mwanasayansi Mwingereza J. E. Smith alipoieleza spishi hii mwaka 1797 aliiita Phalaena, jenasi (kundi la spishi) iliyobeba nondo chungu nzima enzi zile. Baadaye ikawa Laphygma, na sasa ni Spodoptera. Ndiyo maana jina la Smith, linalofuata jina la spishi, huandikwa ndani ya mabano: spishi imehama jenasi.

Kinachonivutia zaidi hakionekani kabisa. Ndani ya spishi hii mna aina mbili, ya mahindi na ya mpunga, zinazofanana kwa umbo na huzaliana. Jeni ya COI, inayotumika sana kutambua wadudu, hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo chotara atasomeka kama mama yake. Ndiyo sababu tunapima pia Tpi, jeni iliyo kwenye kromosomu Z, kromosomu ya jinsia ambayo hurithiwa pia kutoka kwa baba. Tangu mdudu huyu aripotiwe Afrika mwaka 2016, vipimo hivyo viwili vimekuwa vikipingana mara nyingi katika sampuli za bara hili. Ukitaka vifanyike, mhifadhi mdudu kwenye ethanoli kali, si kwenye formalini, ambayo huharibu DNA.