Virutubisho Havijengi Misuli Isiyotumikishwa

Watoto wa wazee ninaowahudumia katika fiziotherapia huniuliza mara kwa mara wamnunulie mzazi wao unga gani wa protini, au vidonge gani, ili nguvu zimrudie miguuni. Ni swali lenye upendo ndani yake, na linastahili jibu la kweli: virutubisho vina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni ya mazoezi ya nguvu, yaani kuipa misuli mzigo unaoilemea, na kuuongeza mzigo huo kadiri misuli inavyouzoea.

Kupungua kwa misuli na nguvu kunakotokana na umri huitwa sakopenia, jina lililopendekezwa na mtaalamu wa lishe Irwin Rosenberg mwaka 1989. Baada ya umri wa miaka 50 hivi, misuli hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, ilhali nguvu hupungua kwa kasi zaidi ya hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba nyuzi zinazosinyaa zaidi ni zile za mwendo wa haraka, ambazo mtu huzitegemea anapojikwaa na kulazimika kutupa mguu mbele kabla hajafika chini. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea vizuri kila siku, kisha akashindwa kujiokoa katika nusu sekunde moja tu.

Utafiti ninaouthamini kuliko mwingine wowote katika jambo hili ni wa Maria Fiatarone na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994. Waliwachukua wakazi 100 wa makao ya wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 87, wakawagawa katika makundi manne: waliofanya mazoezi mazito ya nguvu, waliopewa kinywaji cha lishe, waliopata vyote viwili, na wasiopata hata kimoja. Baada ya wiki 10, nguvu za misuli ya waliofanya mazoezi zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu, na mwendo wao ulikuwa umeharakika. Kinywaji peke yake hakikupunguza udhaifu. Jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba jumla ya nishati waliyoipata kutokana na chakula iliongezeka kwa wale tu waliofanya mazoezi na kunywa kinywaji. Mwili uliotumikishwa ndio uliokipokea chakula cha ziada kama nyongeza.

Kwa kawaida naanza na kiti. Namwomba mzee akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara 5 mfululizo kwa kasi anayoiweza. Akizidi sekunde 15, hiyo ni dalili ya udhaifu unaohitaji kufuatiliwa, ingawa mimi huangalia zaidi namna anavyofanya kuliko saa: kama magoti yanakutana anaponyanyuka, kama mikono inatoroka kifuani kutafuta mapaja, na kama theluthi ya mwisho ya kuketi ni kushuka au ni kudondoka. Anayedondoka hana nguvu za kuuzuia mwili wake unaposhuka, na huyo ndiye ninayemhofia kwenye ngazi.

Kipimo hichohicho hugeuka kuwa zoezi. Anayeshindwa huanzia kwenye kiti kilichoinuliwa kwa mto mgumu. Akishaweza, mto unaondolewa, kisha anashika uzito mikononi. Mzigo unaofaa ni ule unaofanya marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli bila kuharibu mtindo wala kumfanya abane pumzi. Hapa ndipo familia nyingi, kwa huruma, humpunguzia mzee mzigo hadi zoezi linakosa faida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na ya usawa wa mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, kwa siku 3 au zaidi. Kutembea ni kuzuri, lakini hakuchukui mahali pa mazoezi hayo. Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mfupa uliovunjika karibuni amwone daktari kwanza.

Sasa chakula. Misuli ya mzee huitikia protini kwa uvivu kuliko ya kijana, kwa hiyo wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72, na ni bora zigawanywe katika milo yote kuliko kulundikwa kwenye mlo wa jioni. Unga wa protini unafaa pale meno, hamu ya kula au ugonjwa vinapomzuia mtu kukifikia kiwango hicho kwa chakula. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kreatini, kirutubisho kinachosaidia misuli kupata nishati ya haraka, kikitumiwa gramu 3 hadi 5 kwa siku, huongeza faida ya mazoezi kwa kiasi. Bila mazoezi sioni sababu ya kuinunua. Anayeitumia amweleze daktari, kwa kuwa inaweza kupandisha kreatinini, taka ambayo hupimwa kwenye damu ili kujua hali ya figo, na figo zikadhaniwa zina hitilafu. Vitamini D humsaidia mwenye upungufu, lakini kuzidisha si kuongeza kinga: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wanawake wazee waliopewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao.

Wakati unaonitia wasiwasi kuliko wote ni wa kulazwa. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Kwa hiyo daktari akishamruhusu mgonjwa kuketi, familia iulize siku hiyohiyo ni lini ataruhusiwa kusimama, mara ngapi kwa siku, na nani atakayemshika.