Kichanga hahitaji maji, hata joto likizidi

Bibi akija kumwona mzazi, huuliza: "Mmemnywesha maji? Joto lote hili!" Ni upendo mtupu, lakini kichanga anayenyonya vizuri hakaukiwi. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Tumbo lake ni dogo mno: vijiko vichache vya maji humshibisha bure, ananyonya kidogo, na maziwa nayo yanapungua. Maji yakiwa si salama, anaharisha. Shirika la Afya Duniani linasisitiza maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Dawa ya daktari ni jambo lingine.

Kwetu, kaka mtu wa miaka 3 alishapanda kitandani na kikombe chake cha plastiki, akimwekea mdogo wake mdomoni. Tukampa kazi: kikombe kile ampelekee mama, maana anayenyonyesha ndiye mwenye kiu.